Sekunde sita za zamani, sekunde sita za sasa

Pale kijiweni kwetu Sinza, Dar es Salaam, ubishi wa magari una kanuni moja: anayeanza kupandisha sauti ndiye aliyeishiwa namba. Jioni ninayoikumbuka hakuna aliyepandisha sauti. Mmoja alifungua simu akasoma kwamba Honda Civic Type R ya 1997, ile wanayoiita EK9 kwa jina la chesisi yake, inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.7 hivi. Mwenzake akafungua yake: Volkswagen Golf GTI toleo la nane, la 2020, sekunde 6.4. Kimya. Miaka ishirini na tatu ya turbo, kompyuta na giaboksi zinazojibadilisha zenyewe, halafu faida ni theluthi ya sekunde? Wa Honda akaagiza chai nyingine.

Namba zote mbili zilikuwa sahihi, na bado ziliwadanganya wote wawili. Sekunde sita na ushee za Civic na sekunde sita na ushee za Golf zinafanana sura tu, kila moja imepikwa chungu chake. Ukifunua vyungu ndipo unaelewa kwa nini kwenye karatasi magari haya ni sare, kwenye taa za Ubungo huenda la zamani likashinda, na ukipanda nayo Nairobi la zamani linaachwa bila ubishi.

Chungu cha kwanza ni uzito. EK9 ina nguvu za farasi 185, na ukimweka dereva ndani inapima kama kilo 1,140. Golf ina farasi 245 na pamoja na dereva inakaribia kilo 1,460. Gawanya: Civic inapata farasi 162 kwa kila tani, Golf 168. Basi. Farasi sitini ambazo Wajerumani waliongeza zimeliwa na kilo mia tatu na ishirini, na kilichobaki ni hiyo theluthi ya sekunde.

Kilo hizo hazikutoka hewani. Golf GTI ya kwanza kabisa, ya 1976, ilikuwa na kilo kama 810 bila mtu, urefu wa mita 3.7, gia nne, na tairi za upana wa milimita 175 kwenye rimu za inchi 13, tairi ambazo leo utaziona kwenye gari la kumpeleka mtoto chekechea. Haikuwa na mifuko ya hewa, wala vyuma vya kukinga mlango, wala kompyuta za kuzuia gari lisiserereke. Ya sasa ina hayo yote na urefu wa mita 4.28. Polo ya siku hizi, gari tunaloliona dogo, ni ndefu kuliko Golf ile. Na kulikuwa na kipindi cha aibu hapo katikati: GTI ya toleo la tatu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilianza na injini ya lita mbili yenye farasi 115, farasi tano tu zaidi ya ile ya 1976, ndani ya gari lililokwisha kunenepa. Ya kwanza ilitumia sekunde 9 kufika 100. Ya tatu ilitumia kama 10. Mtu akikwambia magari huwa yanakwenda yakizidi kuwa mepesi wa kuchomoka mwaka hadi mwaka, mkumbushe hiyo.

Sasa nipe dakika mbili za hesabu, maana humu ndimo lilimo jambo ambalo ubishi wa kijiweni haulifikii. Kulifikisha gari kwenye kilomita 100 kwa saa ni kulijaza nishati ya mwendo, na kiasi cha nishati hiyo ni nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Ukiigawa nishati hiyo kwa sekunde zilizotumika unapata wastani wa nguvu iliyofika barabarani kweli katika mbio zile. Nimeifanya kwa magari matano. GTI ya 1976 inatoa kama farasi 52 kati ya 110 zilizoandikwa. EK9 inatoa 90 kati ya 185. Golf ya toleo la nane, 120 kati ya 245. Wastani wa nusu, nusu, na nusu. Miaka arobaini na nne imepita, na dereva bado anapata shilingi hamsini katika kila mia aliyolipia.

Nusu ya pili inakwenda wapi? Sehemu inapotea tairi zikizunguka bure pale mwanzo. Sehemu inapotea unapobadilisha gia, injini ikiwa imekatika na magurudumu. Sehemu inamezwa na msuguano ndani ya giaboksi na upepo mbele ya kioo. Na sehemu kubwa haikuwahi kuwepo, kwa sababu zile farasi 185 za Civic zinapatikana sehemu moja tu, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa juu ya 8,000, na mshale hauwezi kukaa hapo muda wote.

Gari la nne ndilo lililonifumbua macho. Civic Type R ya sasa, iliyotoka 2022, ina injini ya lita mbili yenye turbo na farasi 329 kwa toleo la Ulaya. Inafika 100 kwa sekunde 5.4. Ukipiga hesabu ileile unapata farasi 146 tu zilizofika chini, yaani asilimia 44. Gari lenye nguvu kuliko yote manne ndilo linalopoteza nyingi zaidi! Sababu ni kwamba tairi zinazovuta ni mbili, nazo ziko mbele. Gari linapochomoka uzito unarudi nyuma. Utaona pua inanyanyuka. Tairi za mbele, ambazo ndizo zenye kazi, zinabaki na kama nusu ya uzito wa gari. Tairi nzuri kwenye lami kavu huweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito uliolala juu yake, haizidi sana hapo. Kwa hiyo gari la kuvuta mbele haliwezi kupata zaidi ya kama nusu ya mvuto wa dunia, na kwa mchapuko huo kilomita 100 kwa saa zinafikiwa kwa sekunde 5.7. Honda wamepata 5.4, maana yake wamekamua kila kitu: tairi za milimita 265 mahali ambapo EK9 ilivaa 195, difu ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele, na vishikio vya magurudumu vilivyoundwa upya ili usukani usimkwapue dereva mikono. Waongezee farasi mia nyingine leo, namba ya sifuri hadi 100 itasogea kidogo sana. Ukuta uko kwenye lami.

Gari la tano ni Golf R ya 2020, ndugu wa GTI lakini anavuta miguu yote minne, farasi 320, giaboksi ya klachi mbili. Sekunde 4.7. Asilimia 54. Tofauti kati ya asilimia 44 na 54 imeletwa na tairi mbili za ziada na giaboksi isiyopumzika.

Hapo mwenye Subaru kijiweni anaanza kutabasamu, kwa sababu habari ya miguu minne kwake si ngeni. Impreza WRX ilitoka 1992, na mwaka huohuo Mitsubishi wakatoa Lancer Evolution ya kwanza. Zote mbili zilizaliwa ili zihalalishwe kwenye mashindano ya rali, na Afrika Mashariki tuliziona zikifanya kazi yake halisi kwenye vumbi la Safari Rally: Tommi Mäkinen akishinda na Lancer 1996, Colin McRae na Impreza 1997, Richard Burns na Impreza 2000. Ndiyo maana hadi leo kijana wa Nairobi akisikia mngurumo wa injini ya Subaru, ule wa kukoroma kwa pigo lisilolingana unaotokana na mabomba ya ekzosi ya urefu tofauti, anageuka kabla hajaliona gari.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 matoleo makali ya magari hayo mawili, WRX STI na Evolution, yalikuwa yanafika kilomita 100 kwa karibu sekunde 5. Isome tena sentensi hiyo ukilinganisha na Type R ya 2022 yenye 5.4, au Toyota GR Yaris ya 2020, kigari cha silinda tatu chenye miguu minne na farasi 261 huko Ulaya, ambayo Toyota wenyewe waliitangaza kwa 5.5. Kuchomoka kutoka kusimama, kwa mengi ya magari madogo ya kasi yanayokunywa petroli, kulishafika karibu na kilele kabla ya mwaka 2000. Evolution ya kumi, iliyotoka 2007, ilikuwa nzito kuliko ya tisa kwa zaidi ya kilo mia, na wengi waliozipima zote mbili waliona ya tisa ndiyo inayoondoka.

Tena karatasi za Japani za wakati ule hazisemi kweli yote. Watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana kiungwana, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280. Makubaliano yalidumu hadi 2004. Matokeo yake ni kwamba gari baada ya gari, toleo baada ya toleo, yaliandikwa 280 palepale huku yakizidi kuwa makali. Na kwa sababu yalifungwa yasizidi kilomita 180 kwa saa, mshale wa spidi nao unaishia 180, namba ambayo nusu ya magari ya mtumba hapa mjini inayo. Mtoto wa dada yangu aliwahi kuniuliza kwa nini Subaru ya kutisha namna hii ina spidi sawa na IST ya mama yake. Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima.

Lakini nisiwape wenye Subaru ushindi mapema, kwa sababu kuna suala la nani aliyepima, na vipi. Ile sekunde 5 ya Evolution ilipatikana kwa mtu mzoefu kupandisha mizunguko hadi 5,000 au zaidi gari likiwa limesimama, kisha kuachia klachi kwa ghafla, magurudumu yote manne yakikamata lami kwa pamoja. Kinachovunjika kwanza ni klachi, kisha giaboksi. Ukimpa gari hilohilo mtu wa kawaida, anayejua kwamba klachi atailipia yeye, atatumia sekunde 6 na nusu na atashukuru Mungu. Golf R mpya unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, unakanyaga mafuta hadi chini kwa wa kulia, unaachia breki. Kompyuta inapima utelezi wa kila tairi na giaboksi tayari imeshika gia inayofuata kwenye klachi yake ya pili, inasubiri. Mama mwenye viatu vya harusini atapata karibu na 4.7, na akirudia mara kumi atapata karibu na hiyohiyo. Namba ya gari la zamani ni rekodi ya dereva hodari siku moja, gari likiwa jipya. Namba ya la sasa ni kitu unachokipata Jumanne ukienda kazini. Kwangu mimi hii ndiyo tofauti kubwa ya vizazi hivi viwili, na hutaikuta kwenye jedwali lolote.

Jihadhari pia na vipimo vya Wamarekani. Wao hupima hadi maili 60 kwa saa, ambayo ni kilomita 96.6, si 100. Na magazeti yao mengi huanza kuhesabu gari likishasogea kama sentimita thelathini, desturi iliyotoka kwenye viwanja vyao vya mbio za mstari mnyoofu. Hizo sentimita thelathini, ndizo za polepole kuliko zote, hula kama sekunde 0.3. Ukijumlisha na zile kilomita tatu na ushee zilizokatwa mwishoni, gari lileile linaweza kuonekana bora kwa zaidi ya nusu sekunde kwa kuvuka bahari tu. Nimeshuhudia watu wakilinganisha namba ya Kimarekani ya gari jipya na ya Kijapani ya gari kuukuu, wakaondoka wamenuniana.

Turudi kwa wale wawili wa mwanzo, EK9 na Golf, lakini sasa tuwatoe kwenye mstari wa kuanzia. Tuwaweke Kitonga, nyuma ya lori la mizigo linalopanda kuelekea Iringa, wakitafuta nafasi. Hakuna mtu anayetoka sifuri pale. Unakwenda kilomita 60 kwa saa, gia ya nne pengine, mshale wa mizunguko uko 3,000 hivi. Unaona upenyo, unakanyaga.

Hapa kinachohesabika ni torki, ile nguvu ya injini ya kuzungusha, kwenye mizunguko uliyo nayo wakati huo. Torki ya EK9 ikiwa kileleni ni Nm 160, na kilele chenyewe kiko kwenye mizunguko 7,500. Hata tukiikirimu Civic tukajifanya Nm 160 zote zipo kwenye 3,000, injini inatoa farasi 68 tu pale. Golf ina Nm 370, na inazo zote kwenye 3,000, kwa sababu turbo yake ndogo, kile kifaa cha kubana hewa inayoingia kwenye injini, imeshaamka zamani. Hiyo ni farasi 158. Kwa kila tani, Civic inasukumwa na farasi 60 na Golf na farasi 108. Magari yaliyokuwa sare kwenye karatasi, sasa moja linasukuma karibu mara mbili ya lingine, na dereva hajagusa chochote zaidi ya pedeli moja.

Mwenye EK9 atasema, na ana haki ya kusema, kwamba yeye hakai gia ya nne. Anashusha hadi ya pili, mshale unaruka, ukipita 6,000 vali zinabadilisha mdundo na injini inalia kilio kingine kabisa, na gari linakuwa lile la kwenye namba. Kweli tupu. Ila kufanya hivyo kunahitaji mkono, mguu, sikio na uamuzi, vyote katika nusu sekunde, na upenyo wa Kitonga hausubiri. Kwenye Golf giaboksi inashusha yenyewe. Wahandisi wa kizazi kipya hawakushughulika sana na farasi wa kileleni. Walikwenda kuwatawanya farasi wale sehemu yote ya chini, mahali tunapoishi.

Na Kitonga kuna jambo lingine. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Nairobi karibu 1,700. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja katika sita kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, basi, na petroli inachomwa kulingana na hewa hiyo. EK9 iliyoondoka Dar na farasi 185 inafika Iringa na kama 155, hakuna kilichoharibika, ni mlima tu. Sekunde 6.7 inakaribia 8. Turbo haijali kiasi hicho: inazunguka kwa bidii zaidi, inabana hewa hadi presha ileile iliyoagizwa na kompyuta, na farasi karibu wote wanabaki. Inalipa kwa njia nyingine, hewa iliyobanwa zaidi inatoka na moto zaidi, na zile turbo kubwa za zamani huchelewa zaidi kuamka. Impreza ya miaka ya 1990 chini ya mizunguko 3,000 kule juu ni gari la kusindikiza maiti, halafu ghafla si hilo tena. Lakini ikishaamka imeamka. Kwa hiyo wale wa kijiweni wakihamia Nairobi ubishi wao unakwisha, na mwenye Impreza kuukuu anabaki mezani na mwenye Golf, wakati wa EK9 analipa chai.

Sijagusa uzee, nao ndio unaoamua mengi huku kwetu. Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia, kwa hiyo Impreza na EK9 zilizoko kule ziliingia zamani na zimeshapita mikononi mwa watu. Tanzania unaweza kuliingiza, ukilipa ushuru wa uchakavu. Vyovyote vile, gari la 1998 unalolishindanisha leo si lile lililopimwa 1998. Pete za pistoni zimelika, sindano za kupuliza petroli zimeziba kidogo, na injini yenyewe ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Ukiipa ya oktani ya chini, kifaa cha kusikiliza kinasikia injini inataka kugonga, kompyuta inarudisha cheche nyuma, na farasi wanapungua bila taa yoyote kuwaka.

Mtoto wa mjomba wangu ana Impreza ya miaka hiyo. Kwa miezi alikuwa akiapa kwamba Subaru zinasifiwa bure. Gari linakwenda, halisumbui, ila halina lile teke. Alishabadilisha plagi, akabadilisha kichujio cha hewa, akauziwa "kompyuta ya kuongeza pawa" na duka moja ambalo sitalitaja, haikuongeza kitu isipokuwa deni. Tulimpelekea fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mkungu. Hakuwasha kompyuta. Alichomoa bomba la hewa mbele ya turbo, akaliziba kwa kifuniko chenye vali ya tairi, akajaza upepo kidogo kwa pampu, kisha akachovya brashi kwenye maji ya sabuni ya kufulia na kuanza kupaka kila kiungio, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kwenye mpira unaotoka turbo kwenda intakula, kile kifaa cha kupooza hewa iliyobanwa, upande wa chini usioonekana, povu likachipuka, kubwa, likapasuka, likachipuka tena. Mpira ulikuwa na ufa wa kuingia kucha.

"Kiongozi, gari lako linapumulia pembeni," akasema.

Mpira mpya na klempu mbili. Tuliporudi barabarani mtoto wa mjomba alikanyaga, mshale ukapita 3,000, akaachia haraka kama aliyeshika sufuria bila kitambaa. Kwa muda ule wote alikuwa akilinganisha gari jipya la watu na tundu lake mwenyewe.

Magari ya umeme nitayapita haraka, kwa sababu yanavunja mchezo wote. MG4 XPower, gari la familia kwa umbo, lina farasi 435 na linafika 100 kwa sekunde 3.8, likiwa na kilo 1,800. Ukilipigia hesabu yetu ya nusu, asilimia inakaribia 60: hakuna gia ya kubadilisha, torki ipo tangu mshale ukiwa sifuri, kompyuta inaongoza magurudumu yote manne kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauna. Nairobi au Mombasa, kwake ni hewa tu. Wenye petroli, wa zamani na wa sasa, wote wamo kwenye kioo chake cha nyuma.

Mbona basi ukipanda EK9, au hata ile GTI ya 1976 yenye sekunde 9, unahisi unakwenda kasi kuliko kwenye Golf ya sasa? Kwa sababu mwili haupimi sekunde. Unapima kelele, mtikisiko, ukaribu wa lami, na mabadiliko ya ghafla. Kwenye gari la zamani kioo ni chembamba, kiti kiko chini, injini iko magotini, na nguvu zinakuja kwa vishindo. La sasa linasukuma kwa ulaini tangu chini hadi juu, na ulaini unauficha mwendo. Unagundua uko 110 pale askari mwenye tochi anapotoka kwenye mti wa mwembe. Volkswagen wenyewe walilijua hilo: Golf GTI ya toleo la saba ilifungwa kifaa cha umeme karibu na kioo cha mbele, kazi yake kutoa mngurumo ambao injini ilikuwa imenyang'anywa. Mimi hilo naliona kama kumwekea mtu mzima kengele ya baiskeli, lakini wako wanaolipenda.

Siku ile ya fundi, nikiwa nimekaa kiti cha kushoto, niliona kwenye dashibodi ya Impreza kitufe kidogo nisichokijua. Ni cha kunyunyizia maji intakula, kwa sababu Subaru waliiweka juu ya injini, na kwenye foleni inapata moto kama kikaango. Hewa ya moto, farasi pungufu, na pale Mandela Road ndiyo foleni yenyewe. Matoleo ya STI yalikuja na tangi lake la maji na pampu. Nilimwuliza mtoto wa mjomba kama hukitumia. Akasema alidhani ni cha waipa ya nyuma, na hakifanyi kazi. Tulipofungua tangi lilikuwa kavu kabisa, na ndani mlikuwa na utando wa buibui. Tukalijaza kwa chupa mbili za maji ya kunywa tulizonunua kwa machinga kwenye mataa ya Tabata, akabonyeza, na mbele ya kioo, kutoka kwenye lile pua la boneti, ukapanda mvuke.